Kibandiko cha senti 40, maneno ya miezi saba

Chipu ya NTAG213, mojawapo ya zinazotumika sana katika vibandiko vya NFC, vile vinavyosomwa na simu ikisogezwa karibu, humwachia mtumiaji nafasi ya baiti 144. Kwa herufi za kawaida hizo ni sentensi mbili, tena fupi. Hazitoshi kueleza jembe la mkono, sembuse mlango wa kuchonga wa Zanzibar. Zinatosha, hata hivyo, kubeba anwani ya ukurasa wa intaneti, na ukutani makumbusho hayahitaji zaidi ya hapo. Picha, sauti, ramani na tafsiri hukaa kwenye seva. Kazi ya kibandiko ni kusema mgeni amesimama mbele ya kitu gani.

Kibandiko hicho hakina betri. Ndani yake mna chipu ndogo kama chembe ya mchanga, na waya mwembamba uliozungushwa ukawa antena. Simu ikisogezwa hadi sentimita 4 hivi, mawimbi yake ya redio ya megahezi 13.56 huipatia chipu umeme wa kuiamsha na kuifanya ijibu. Simu ikiondoka, chipu inazimika. Aliyewahi kulipa dukani kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine bila kuichomeka ameshatumia teknolojia ya ukoo huohuo. Watengenezaji wa chipu hii wanataja miaka 10 ya kutunza kumbukumbu na uwezo wa kuandikwa upya mara 100,000, hesabu ambayo hakuna makumbusho yatakayoimaliza.

Sasa bei. Anayeagiza kwa mamia hupata kibandiko cha kawaida kwa kati ya senti 10 na senti 50 za dola ya Marekani. Tuchukue senti 40, tusijidanganye. Kile cha kubandika juu ya chuma ni ghali zaidi, kwa kuwa chuma huvuruga mawimbi na kibandiko huhitaji tabaka la feriti mgongoni. Hicho tukiwekee dola 1.50. Halafu tuyabuni makumbusho ya mfano ya kufanyia hesabu, na mwenye makumbusho halisi aweke namba zake: vitu 300 vinavyoonyeshwa, 40 kati yake vikiwa kwenye makabati ya chuma, wageni 400 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yaani wageni 120,000, kila mmoja hukaa dakika 90, na saa yenye msongamano huingiza watu 100.

Vibandiko 260 vya kawaida ni dola 104. Vile 40 vya chuma ni dola 60. Jumla dola 164.

Hapo ndipo muuzaji wa mfumo angependa hesabu iishie. Ila kibandiko peke yake hakiongozi mgeni; lazima kuwe na kitu cha kukisoma, na bajeti nzima inategemea kitu hicho kimeshikwa na nani. Majibu ni matatu, na yote yameshajaribiwa na makumbusho makubwa kwa fedha zao, kwa hiyo sisi wengine tunaweza kujifunza bure.

Tuanzie San Francisco, Exploratorium, makumbusho ya sayansi yaliyoanzishwa na mwanafizikia Frank Oppenheimer mwaka 1969. Pale mgeni haangalii tu. Anazungusha, anavuta, anachovya mikono kwenye maji na kupuliza mapovu ya sabuni. Kuelekea mwaka 2000 na miaka michache iliyofuata, Exploratorium na watafiti wa Hewlett-Packard walijaribu kuwapa wageni kompyuta za mkononi ziwe kitabu cha mwongozo. Kwenye vionyeshwa waliweka alama za kila namna: vinara vya miale isiyoonekana, vibandiko vya RFID (teknolojia iliyozaa NFC), misimbo ya mistari. Mitambo ilifanya kazi. Tatizo lilikuwa mwili wa binadamu. Mtu mwenye kifaa mkono mmoja hana mikono miwili ya kuchezea kionyeshwa, na akiangalia skrini haangalii kilichomleta. Wabunifu wakaacha wazo la kumwongoza mgeni akiwa ndani, wakashika la kumsaidia kukumbuka akishatoka.

Ndipo mpangilio ukapinduliwa. Katika mfumo ulioitwa eXspot, ulioelezwa na watafiti wake mwaka 2005, mgeni alibeba kadi ya RFID na kisomaji kikafungwa kwenye kionyeshwa. Akigusisha kadi, mfumo uliandika kwamba amefika hapo. Sehemu nyingine kamera ilimpiga picha akicheza. Akirudi nyumbani alifungua ukurasa wake wa intaneti na kukuta matembezi yake yamepangwa.

Ukihamishia mpangilio huo kwenye makumbusho yetu ya mfano, gharama inafuata idadi ya vitu. Kisomaji kimoja na kasha lake, umeme wake na njia ya kuwasiliana na seva tukikadirie dola 60. Mara 300 ni dola 18,000, kabla fundi hajapitisha waya hata mmoja. Kadi nazo zina ujanja wake. Kadi ya senti 30 ukimwachia kila mgeni aende nayo kama kumbukumbu, mwaka mmoja unakula dola 36,000, mara mbili ya visomaji vyote. Ukizikusanya mlangoni na kupoteza moja katika kila kumi, hasara ya mwaka ni kadi 12,000, dola 3,600. Yaani sanduku la kurudishia kadi, lenye mtu wa kulisimamia, lina uzito zaidi katika hesabu kuliko chaguo la chipu.

Jibu la pili ni la New York. Cooper Hewitt, makumbusho ya ubunifu yaliyo chini ya Smithsonian, yalifunguliwa upya Desemba 2014 baada ya ukarabati mkubwa wa jumba la zamani la Andrew Carnegie. Machi 2015 yakaanza kuwapa wageni kalamu ya kielektroniki, kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies. Ncha moja ya kalamu ilisoma vibandiko vya NFC vilivyofichwa ndani ya lebo za ukutani. Ncha nyingine iliandika kwenye meza kubwa za skrini. Mgeni aligusa lebo ya kitu alichokipenda, na tiketi yake ilikuwa na anwani ya kufungulia mkusanyo wake baadaye. Kalamu haikuwa na skrini, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo akili yake yote: macho yalibaki kwenye kitu.

Hapa gharama haijali una vitu vingapi. Inajali watu wangapi wako ndani kwa wakati mmoja. Wageni 100 kwa saa, kila mmoja akikaa saa moja na nusu, ni watu 150 ndani. Ongeza vifaa 30 vya akiba, kwa vilivyo kwenye chaji na vilivyoharibika: 180. Kifaa maalumu kikiwa dola 150, hizo ni dola 27,000, na kikidumu miaka 3 ni dola 9,000 kwa mwaka.

Nani atavigawa? Mhudumu wa mapokezi akitumia sekunde 40 kukiunganisha kifaa na tiketi na kueleza kinavyotumika, wageni 100 watamchukua sekunde 4,000. Saa ina sekunde 3,600. Mhudumu mmoja anazidiwa hata asipokunywa maji, na foleni inaota mlangoni kwa sababu ya kifaa kilichonunuliwa ili kurahisisha mambo. Inabidi wawe wawili, na mwingine wa kupokea, kufuta na kuchaji. Mishahara hiyo haionekani kwenye ankara ya muuzaji.

MONA, makumbusho ya sanaa ya Hobart, Tasmania, ilikwenda mbali zaidi ilipofunguliwa Januari 2011. Iliondoa lebo zote ukutani na kumpa mgeni kifaa kilichoitwa O, kilichotambua kazi za sanaa zilizokuwa karibu naye. Ni ujasiri wa aina yake. Mwenye makumbusho yanayokatikiwa umeme asiuige.

Jibu la tatu linamwachia mgeni kisomaji chake mwenyewe: simu. Makumbusho ya London yalijaribu mwaka 2011 kwa kushirikiana na Nokia, wakati simu zenye NFC mfukoni mwa watu zilikuwa za kuhesabu. Ilibidi wengine wasubiri miaka. iPhone 7 ilianza kusoma vibandiko mwaka 2017, tena kwa kufungua programu kwanza. Mwaka 2018 iPhone XS na XR zikawa za kwanza katika familia hiyo kusoma kwa kusogezwa tu. Android zilitangulia tangu 2010, kwa matoleo ya bei ya juu.

Kwa jibu hili tunarudi kwenye dola zetu 164. Vibandiko vikidumu miaka 5 na kuhudumia wageni 600,000, kila mgeni anagharimu chini ya shilingi moja ya Tanzania. Njia ya visomaji, ikidumu miaka hiyohiyo 5 na kadi zikikusanywa mlangoni, inatoka senti 6 za dola kwa mgeni. Njia ya vifaa vya kukopesha inatoka senti 7 na nusu. Tofauti ni zaidi ya mara 200. Zaidi ya hapo, kila njia inakua kwa namna yake. Makumbusho yakiongeza ukumbi na vitu kuwa 600, njia ya visomaji inadai dola 18,000 nyingine huku ya vifaa ikibaki palepale. Shule zikianza kuja na wageni wakawa maradufu, ni kinyume: visomaji havina wasiwasi, vifaa vinahitaji dola 27,000 tena. Kwa simu za wageni, vitu vikizidi unaongeza vibandiko vya senti. Wageni wakizidi huongezi chochote.

Kasoro ya njia ya tatu inajulikana na kila muuza simu wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue: simu janja nyingi za bei nafuu hazina NFC kabisa. Kwa mgeni mwenye simu hiyo kibandiko ni karatasi. Dawa yake ni msimbo wa QR uliochapwa pembeni ya kibandiko, ukiwa na anwani ileile. Msimbo huo ulibuniwa na Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na gharama yake ni wino.

Sasa mtu atauliza, kama wino unatosha, kibandiko cha nini? Swali ni la haki. Kamera inahitaji mwanga, na kumbi za nguo za kale, karatasi na picha huwekwa nusu giza makusudi, maana mwanga huzichakaza. Kioo cha kabati huakisi taa. Asiyeona hawezi kulenga msimbo, ila lebo iliyoinuka kidogo ataipapasa, ataisogezea simu na kusikiliza. Mawimbi ya NFC hupita kwenye kioo, mbao na plastiki bila shida, mradi umbali ni wa sentimita chache. Kwa dola 164 ningeweka vyote viwili bila kuitisha kikao. Lakini makumbusho yasiyo na hata hizo yasione haya kuanza na wino.

Na kibandiko kibandikwe kwenye lebo, kamwe kisibandikwe kwenye kitu chenyewe. Gundi ya leo ni kazi ya mhifadhi wa kesho, na senti 40 hazilipii kusafisha kigoda cha karne mbili. Anwani iliyomo ijengwe juu ya namba ya usajili wa kitu, namba ile iliyoandikwa kwenye daftari la makumbusho siku kilipopokelewa. Namba ya kabati haifai, kwa kuwa vitu huhamishwa. Lebo itahama na kitu chake, na ukurasa utaendelea kuwa sahihi.

Tukishamaliza vyuma, tunafika kwenye mzigo wenyewe: maneno.

Mwaka 1952 Stedelijk Museum ya Amsterdam iliwapa wageni vipokezi vya redio vya kusikilizia maelezo yaliyorushwa ndani ya kumbi. Chanzo kilikuwa kanda moja, kwa hiyo kila mtu alisikia sentensi ileile kwa wakati uleule, na kundi zima lilisogea kutoka picha hadi picha kama lililopigiwa filimbi. Kwa upande wa gharama ilikuwa raha: mhadhara mmoja, msomaji mmoja. Kibandiko kilivunja utaratibu huo. Kila mgeni anaanza anapotaka na kuruka anachotaka, hivyo kila kitu kinadai kipande chake kinachojitegemea, kisichosema "kama tulivyoona hapo nyuma", kwa sababu huenda hapo nyuma hakupita.

Tuhesabu. Vitu 300, kila kimoja dakika 2 za sauti, ni dakika 600, saa 10 kamili. Msomaji wa Kiswahili asiyekimbia anasoma kama maneno 110 kwa dakika, kwa hiyo kipande kimoja ni maneno 220 na vyote ni maneno 66,000. Hicho ni kitabu, na si kijitabu. Mtaalamu wa mikusanyo akitumia saa 4 kwa kila kitu, kusoma faili, kuuliza wazee au wasomi, kuandika, kuhaririwa na kusahihisha, anahitaji saa 1,200. Kwa siku ya kazi ya saa 8 ni siku 150, karibu miezi 7 ya mtu mmoja asiyefanya kitu kingine. Mfasiri anayetoa maneno 2,000 kwa siku anaongeza siku 33 kwa kila lugha ya ziada. Kubandika vibandiko vyote, kwa dakika 3 kila kimoja, ni saa 15: siku mbili za kijana mmoja na ngazi.

Halafu turudi kwa mgeni. Yuko ndani kwa dakika 90. Akitumia nusu ya muda huo kusikiliza, ambayo ni mengi, atamaliza vipande 22. Tumemwandalia saa 10 za sauti naye anazo dakika 45. Sauti tisa katika kila kumi tulizozilipia hatazisikia, na si kwa sababu ni mbaya.

Kwa hiyo ningepindua mpangilio wa kazi. Vibandiko ni rahisi, basi viwekwe kwenye vitu vyote 300 siku ya kwanza, kila kimoja kikifungua ukurasa mfupi wenye jina la kitu, picha, mahali kilikotoka na namba ya usajili, mambo ambayo tayari yamo kwenye daftari. Sauti irekodiwe kwa vitu 40 tu: siku 20 za uandishi badala ya 150. Kisha seva iachwe ihesabu. Kila mguso unaacha alama ya kitu gani na saa ngapi, na baada ya msimu mmoja wa likizo itajulikana ni kabati gani watu wanaliuliza bila kujibiwa. Hapo ndipo pa kumtuma mwandishi. Wakurugenzi wengi hupanga kwa kufuata vitu wanavyovionea fahari. Mimi ningefuata miguso, nikiongeza vichache ambavyo havigusiki kwa sababu tu viko kona mbaya.

Hesabu hiyo haihitaji jina la mtu. Makumbusho yakitaka kumtumia mgeni mkusanyo wake kwa barua pepe, yameanza kutunza taarifa binafsi, na Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Kujua kwamba ngoma ya kabati la 12 iliguswa mara nyingi mwezi Juni ni takwimu. Kujua aliyeigusa ni dhima.

Mtandao, kinyume na hofu ya wengi, si mzigo mkubwa. Sauti ya mazungumzo iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban megabaiti 1 kwa kipande cha dakika mbili. Vipande 22 ni megabaiti 22, bando ambalo mwenyeji hataliona lakini mtalii asiye na laini ya hapa hana kabisa. Wote 150 walioko ndani wakisikiliza kwa pamoja wanatumia kama megabiti 10 kwa sekunde, kiasi ambacho muunganisho wa ofisi ya kawaida unakimudu. Ugumu uko kwenye kuta. Ngome kama Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe, haikujengwa ili kitu chochote kipenye, mawimbi ya Wi-Fi yakiwemo. Katika jengo la namna hiyo kila chumba kinahitaji kirushi chake, na waya wa kukifikia hauruhusiwi kutoboa ukuta wa kihistoria bila kibali. Ningetenga fedha nyingi zaidi kwa fundi wa waya kuliko kwa vibandiko, tena kwa mbali.

Kuna wanaopendekeza vinara vya Bluetooth, vinavyomtambua mgeni kutoka mbali bila kugusa. Brooklyn Museum ilivitumia katika programu yake ya ASK mwaka 2015. Kinara kina betri. Vinara 100 vya betri za miezi 18 maana yake ni kupanda ngazi mara 67 kwa mwaka, na kila kilichozima hakipigi kelele. Kinagundulika mgeni akilalamika, kama atalalamika.

Mstari mdogo kuliko yote katika bajeti hii sijautaja bado. Vibandiko 300 vikishaandikwa lazima vifungwe visiandikwe tena, la sivyo mtoto mwenye simu na dakika moja ya utundu ataelekeza kabati la dhahabu kwenye video ya muziki. Kikishafungwa, kufuli hilo halifunguki. Anwani iliyomo ndani ndiyo hiyo hadi kibandiko kitakapobanduliwa. Na jina la tovuti linalobeba anwani zote 300 hulipiwa kila mwaka, mara nyingi chini ya dola 20, na mara nyingi kwa jina na kadi ya mshauri aliyejenga mfumo na kuondoka mradi ulipokwisha. Malipo yakikatika, vibandiko vyote vinakuwa bubu siku moja. Jina likinunuliwa na mwingine, tuseme kampuni ya kubeti, lebo 300 za makumbusho zitaanza kuwapeleka wanafunzi huko, na hakuna kitufe cha kurekebisha isipokuwa ngazi, kisu cha kubandulia na dola 164 nyingine. Jina hilo lisajiliwe kwa makumbusho yenyewe, lilipiwe miaka 10 mbele ikiwa msajili anaruhusu, na risiti iwekwe kwenye faili moja na daftari la usajili wa vitu.